Kwa Nini Kiinama Hutazama Mlango

Hadithi, njoo, lakini ukae kizingitini. Usiingie mpaka ndani, ndani kuna mtoto.

Nanyi wageni wangu karibuni, kaeni, wa mwisho arudishe mlango, maana ukungu wa mlima wetu huu wa Vuria ukishaingia nyumbani hautoki kwa kufukuzwa. Uji upo. Mmekuja kumwona mtoto, na kabla hamjakaa vizuri mmoja wenu ameshauliza kile ambacho kila mgeni huuliza: kwa nini maua yale ya njano yaliyoota kando ya ukuta yameinamisha vichwa, na kwa nini yote, hata yale ya upande wa zizi, yanatazama mlango wetu badala ya jua. Na mwingine kasema kwa mzaha kwamba alipita hapa wakati wa kipupwe, akayaona majani yake yamelala chini, yamekauka kama nywele za ajuza, akadhani nyumba hii imeoa mvivu. Si uvivu, tumekatazwa. Na kwa kuwa mmeuliza, na kwa kuwa mimi leo nikinyamaza sana nitaanza kusikiliza mambo ya nje, nitawaambia kama nilivyoambiwa na mama mkwe, naye aliambiwa na mama mkwe wake. Hadithi hii haipiti kwa damu. Hupita kwa wanawake walioolewa katika nyumba hii.

Wenye vitabu huliita ua hilo nargisi. Shuleni mwalimu wetu wa biolojia alituchorea ubaoni tunguu lake, duara kama kitunguu, na mizizi yake chini na ncha yake juu, akasema ni ghala la chakula cha mmea. Sikubisha. Sisi huku twaliita kiinama.

Basi zamani, wakati ambapo mlima huu ulikuwa na watu wachache na moshi wa nyumba moja ulionekana na nyumba zote, kiinama hakikuwa kiinama. Kilisimama wima, uso wake umeelekea mbinguni kama kikombe kinachongoja kumiminiwa, na jua likitoka hapa kikaligeukia, likienda kule kikalifuata. Hakikulala. Masika, kipupwe, vuli, kiangazi, majani yake yalikuwa mabichi na ua lake lilikuwa wazi. Na tunguu lake lilikuwa tamu. Wanawake waliling'oa wakalichemsha pamoja na magimbi, watoto walilila mbichi wakienda kuchunga, na fuko wa chini ya ardhi walinenepa kwalo hata wakashindwa kugeuka katika mashimo yao. Hakuna aliyelifikiria. Nani humfikiria kiumbe asiyekauka wala kufa?

Na ardhi ya wakati huo ilikuwa kiziwi. Ilipokea mbegu, ikapokea maiti, mvua na majivu na maji ya kuoshea vyombo, isiulize hiki ni cha nani. Ilifanya kazi yake kama jiwe la kusagia linavyofanya yake.

Mtoto alipozaliwa na kitovu chake kikakauka na kuanguka, mama mzaa baba alikiokota, akakifunga katika jani, akakipeleka nyuma ya nyumba, akakizika chini ya mgomba. Kumbukeni hili, ndilo lenye hadithi: tangu anapoinuka na jani lile mpaka anaporudi na kunawa mikono hakusema neno, wala hakuna aliyemsemesha. Hata mbwa alifungwa. Kwa nini, hakuna aliyejua. Walifuata kimya kile kama mtu anavyofuata njia ya ng'ombe, kwa sababu tu ipo.

Katika nyumba iliyokuwa hapa, palepale tulipokaa sisi, aliolewa mwanamke aitwaye Mghoi. Mumewe alikuwa Mwadime, mtu mpole wa mifugo, na mama mkwe wake Malemba, ambaye aliishi nyumba ya pili ng'ambo ya ua wa nyumba. Mghoi alizaa akazika, akazaa tena akazika tena. Vitovu vya watoto wale vilikuwa vimezikwa chini ya mgomba kama desturi ilivyotaka, na watoto wenyewe wakavifuata. Kwa hiyo alipojifungua binti, Mkamburi, hakulala kwa raha hata kidogo. Alimwekea mkono kifuani akihesabu pumzi, na pumzi moja ikichelewa alimtikisa mpaka alie, halafu akalia naye. Mnacheka, ninyi mliozaa mkalala. Wapo wasiolala.

Akaanza kuuchukia mgomba. Aliutazama kutoka dirishani akauona jinsi ulivyo, kwamba huzaa mkungu mmoja, kisha mwenye shamba huja na panga akaukata.

"Huo ndio mnaompa mwanangu awe ndugu yake?" alimwambia mumewe. "Mti unaozaa mara moja ukakatwa? Ndiyo maana hawakai!"

"Mama Mkamburi, hayo ni mambo ya mama," Mwadime akajibu. "Mimi jembe langu ni la mahindi."

Asubuhi kitovu kilipoanguka, Malemba alikuwa ameteremka kijitoni kuchota maji. Mghoi hakumngoja. Alikichukua kile kitovu kikavu, chepesi kama ganda la mbegu, akatoka nacho mkononi bila hata jani, akachimba kando ya mlango chini ya kiinama kikubwa kuliko vyote. Aliwaza: hiki hakikauki, hiki hakikatwi, basi na mwanangu awe hivyo. Akakilaza kitovu ubavuni mwa tunguu. Na kwa sababu alikuwa na hofu, na mwenye hofu hawezi kufunga mdomo wake, nayajua hayo, akaiinamia ardhi akasema nayo.

"Huyu ni Mkamburi," akasema. "Mkamburi binti Mwadime. Ni wangu. Kaa naye hapa, asiende popote."

Upepo ukakatika. Udongo chini ya kiganja chake ukatetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inavyotetemeka ikituliwa na nzi. Kisha ukatulia. Mghoi akafukia, akanawa, akaingia ndani akiwa na moyo mwepesi.

Malemba aliporudi akatua mtungi na kuuliza kilipo kitovu.

"Kimeshazikwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mama mkwe akainama kuushika mtungi wake. "Haya," akasema. "Umenipokonya kazi yangu, mke wa mwanangu. Na yatakayotoka humo ni yako. Usiniite." Akajitwisha mtungi wake, akavuka ua, akaenda zake.

Mwanzoni yaliyotoka yalikuwa mema tu. Mtoto hakuugua, hakuharisha, hakulia. Majirani walikuja kumtazama wakamtania Mghoi, wakisema huyu mbona hatoi sauti, hebu tuazime japo wiki moja nasi tupate usingizi. Mghoi alicheka nao. Ilimchukua muda kugundua kwamba na yeye alikuwa hajamwona mtoto wake amelala. Alijilaza naye macho ya mtoto yako wazi, akazinduka macho yako wazi. Alidhani hulala wakati yeye mwenyewe yuko usingizini. Akakesha kumchunguza, akaona kope zile hazikutani kamwe.

Halafu akaona shingo. Asubuhi Mkamburi alitazama upande wa mashariki. Adhuhuri alitazama juu. Alasiri, bila kugeuzwa na mtu, uso wake ulikuwa magharibi. Mghoi akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, nyumba ikawa giza tititi, akawasha kijinga cha moto kumulika, na uso wa mtoto bado ulikuwa unakwenda, polepole, ukilifuata jua nyuma ya ukuta. Na jua likishazama, Mkamburi alijipindua akalala kifudifudi, akaukandamiza uso wake mkekani, na kichwa kikaendelea kusogea, kidogo, kidogo, kama mtu anayemfuata kwa macho mgeni anayepita chini ya nyumba.

Na hakumtazama mama yake hata mara moja. Alinyonya, ndiyo, lakini macho yake yalipita juu ya bega la Mghoi kama vile Mghoi ni kichaka kilichomzibia njia.

Kisichopumzika huisha. Mtoto akaanza kukonda. Macho yake yakakauka mpaka mama yake akawa anayadondoshea maziwa ya kifuani ili yasipasuke, mbavu zikahesabika, na kadiri alivyopungua ndivyo kile kiinama cha mlangoni kilivyozidi kunawiri. Majani yake yalipanuka kama ya muhindi. Ua lake likawa kubwa kama sahani, liko wazi mchana na usiku, na nyuki walilizunguka kwa mbali wasitue. Mwadime alipokuwa akitoka kwenda malishoni alipita upande wa pili wa mlango, akajibana ukutani, na alipoulizwa kwa nini alisema hajui, miguu yake ndiyo inayopita huko.

Siku moja asubuhi Mghoi akamfunga mtoto mgongoni, akavuka ua, akapiga magoti mlangoni kwa mama mkwe.

"Mama, ulisema nisikuite."

"Nilisema usiniite," Malemba akajibu kutoka ndani. "Sikusema usije. Inuka, utamkunja mtoto."

Wakaenda pamoja kwenye kiinama. Malemba hakutaka jembe. Alikwangua udongo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayefua kitambaa cha thamani, mpaka bega la tunguu likaonekana. Kitovu hakikuwapo. Hapakuwa na uzi wala ganda. Lakini ubavuni mwa tunguu, pale Mghoi alipokuwa amekilaza, palikuwa na kishimo kidogo kilichojikunja kwa ndani. Kilikuwa kitovu cha mtoto hasa, chenye kuingia na kujizungusha. Malemba akaweka kiganja chake juu ya tunguu akakiondoa upesi. Lilikuwa na joto.

Mghoi akalishika alivute. Mgongoni mwake Mkamburi akakata pumzi, hik, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi usoni.

"Acha!" Malemba akamkamata mkono. "Ukiling'oa hilo, umeng'oa nini? Tulia. Niambie. Ulipozika, ulisema kitu?"

"Sikusema kitu, mama. Nilitaja jina lake tu."

Malemba akakaa chini pale pale kwenye tope. "Jina! Ewe mke wa mwanangu, jina! Sisi wote tumefunga midomo tangu mabibi wa mabibi zetu, hata mbwa tunamfunga, wewe unakwenda kuiambia ardhi jina! Sasa imesikia. Sasa inamjua. Na baada ya jina?"

"Nikaiambia ikae naye. Asiende popote."

"Basi imekaa naye. Uliomba ukapewa." Mwanamke mzee akamtazama mjukuu wake ambaye alikuwa akilitazama jua. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usingizi ni safari, mwanangu. Anayelala huenda, kisha hurudi. Wewe umemzuia asiende. Hatakufa kwa ugonjwa huyu, atakufa kwa kubaki. Hapa pana dawa moja. Iambie ardhi imwachilie aende."

"Nimwambie aende, arudi?"

"Umwambie aende. La kurudi halisemwi. Hungojewa."

Hapo, jamani, mimi huyu, mama mkwe wangu aliponisimulia mara ya kwanza nilimwomba anyamaze kidogo. Maana fikiria. Umezika watoto. Umebaki na mmoja. Unaambiwa umwinamie yule aliyewameza wenzake umwambie kwa kinywa chako, mchukue. Mghoi alikataa. Alirudi ndani akajifungia. Lakini mtoto aliendelea kuisha mikononi mwake, akawa mwepesi hata nguo ilikuwa nzito kuliko yeye, na jioni moja alipomgeuza amnyonyeshe aliona midomo haina tena nguvu ya kushika. Akatoka nje peke yake. Akapiga magoti.

"Mkamburi," akasema, akaweka viganja vyote viwili udongoni. "Mkamburi, nenda."

Ua lile kubwa likajifumba. Hapakuwa na upepo lakini lilijifumba, jani la ua moja baada ya jingine, kama kiganja. Ndani ya nyumba kope za mtoto zikashuka, zikakutana, na zile pumzi za haraka zikawa pumzi ndefu. Mghoi akafurahi, akalia kwa furaha, akajilaza kando yake. Asubuhi mtoto hakuamka. Wala siku iliyofuata. Nje, ncha za majani ya kiinama zilikuwa zimeanza kuwa njano.

Malemba alikuja akaona, akampa maneno ambayo ndiyo sheria ya nyumba hii mpaka leo. "Majani usiyakate, hata yakikuudhi. Anayatumia kubebea chakula cha safari. Yaache yaanguke yenyewe. Na tunguu usilichimbue kulitazama. Umesikia, Mghoi? Hata kwa kidole. Aliyelala akitazamwa sana hupotea njia."

Kipupwe kikaingia. Ukungu ukakaa juu ya mlima kama kifuniko cha chungu. Majani ya kiinama yakalala, yakakauka, yakawa nyuzi, yakaoza, mwishowe pale mlangoni pakawa udongo mtupu. Na kila jani lililokwenda lilikwenda na sehemu ya pumzi ya Mkamburi, hata ukaweka manyoya ya kuku puani mwake yasitikisike. Mwili ukawa baridi. Haukuwa umenuka, haukuwa umekakamaa, ulikuwa baridi tu na mzito, kama kitu kilichotolewa ardhini.

Majirani wakaja na shuka. Walikuja kwa huruma, wakakaa, wakaanza kunong'onezana ni nani atachimba. Mwadime mwenyewe akasimama mbele ya mama yake, machozi yakimtoka. "Mama, mtoto ni baridi. Tumsitiri."

"Hata tunguu ni baridi," Malemba akamjibu. Alikuwa amekaa katikati ya mlango, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyeweza kupita bila kumruka. "Umeshaona mtu akililia tunguu? Rudini makwenu. Shuka acheni, kuna baridi."

Wakarudi, wakisema mzee huyu naye amepatwa na wazimu.

Sasa Mghoi alikuwa na maziwa na hana anayenyonya. Yakamjaa mpaka titi likawa jiwe. Kila jioni alitoka akapiga magoti pale mlangoni, akayakamulia udongoni, juu ya mahali kilipolala kiinama. Na maziwa hayo hayakuwa maziwa ya kawaida. Yalikuwa yamepikwa na hofu siku nyingi kifuani, yamekuwa machungu kama shubiri. Paka aliyeyalamba alitikisa kichwa akakimbia. Lakini ardhi iliyanywa. Asubuhi moja alimkuta fuko amekufa kwenye tuta, meno yake yamechomoza na povu jeupe puani. Alikuwa amekuja kula tunguu kama fuko walivyozoea. Baadaye wakaonekana wengine, wamelala wamelizunguka tuta, na baada ya hao hakuja tena hata mmoja.

Angeendelea hivyo angeshinda. Ila hofu, mnajua, haikai kichwani. Hukaa kwenye mikono. Alasiri moja ya ukungu mzito, Malemba amesinzia, Mwadime yuko malishoni, Mghoi alikuwa amemaliza kukamua, na mkono wake ukabaki pale udongoni. Akajiambia nitagusa tu. Nijue tu kama bado lipo. Akachomeka kidole. Hakuna kitu. Akachomeka mkono. Hakuna kitu. Mahali ambapo tunguu lilikuwa limezikwa pamebaki udongo laini, kwa sababu lilikuwa limejivuta chini kwa mizizi yake lenyewe, likiwakimbia fuko, au likimkimbia yeye. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, shavu lake likagusa ardhi, na huko chini kabisa ncha ya kidole chake ikakuta kitu kidogo, laini, chenye ncha, kama jino linalotaka kutoka. Kilikuwa chipukizi. Ukucha wake ukalikwaruza shingoni, likapinda.

Kisha kitu kikamshika kidole.

Hakikumshika kwa nguvu. Kilimshika vile mtoto anayenyonya anavyoshika kidole cha mama yake, akakizungusha na kukifumbata.

Mghoi hakupiga kelele. Alijua kwamba akivuta, kitakuja. Kingekuja chote, angekipata mikononi mwake sasa hivi, na mwili wake mzima ulitaka kuvuta. Akainua macho. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale aliweza kumwona Mkamburi mkekani, na mkono wa kulia wa Mkamburi, uliokuwa umelala wazi tangu mwanzo wa kipupwe, ulikuwa umefumba ngumi juu ya hewa.

Akaelewa. Akivuta, atakachokitoa ardhini kitakuwa nini, na pale mkekani atabaki nani?

Akakaa vile, shavu kwenye tope, ukungu ukipita juu ya mgongo wake, akiuma mdomo asiseme jina. Kisha taratibu, kama unavyokitoa kidole kwa mtoto aliyepitiwa na usingizi ili asishtuke, akakitoa. Kilimng'ang'ania kidogo, halafu kikaacha. Mkekani ile ngumi ikafunguka. Mghoi akalifukia lile shimo, akalishindilia kwa kiganja, akaingia ndani akanawa, na tangu hapo aliifunga mikono yake kwa leso kila alipopita mlangoni.

Mvua za vuli zikanyesha. Udongo wa mlangoni ukapasuka, ncha ya kijani ikatoka, na baada yake majani, na kati ya majani bua lenye fumba. Lakini bua lile lilikuwa limepinda shingoni, pale ukucha ulipokwaruza, na fumba lilikuwa limeinama kama mtu anayesikiliza. Asubuhi lilipofumbuka jua lilikuwa limetoka mashariki safi kabisa baada ya mvua, na ua halikuligeukia. Liligeukia mlango.

Ndani, Mkamburi akapiga chafya. Kope zikafunguka. Macho yakazunguka yakitafuta, yakapita dirisha lenye mwanga, yakaliacha, yakafika kwenye uso wa mama yake yakatua. Akamtazama. Kisha akakunja uso akapasua kilio, kilio cha njaa, kikubwa hata mbuzi wa Mwadime wakakata kamba, na Malemba ng'ambo ya ua akasema, "Haya, usingizi wetu umekwisha," akaketi akacheka huku machozi yakimwagika.

Mkamburi alikua. Kichwa chake alikiinamisha upande kidogo maisha yake yote, na wakati wa kipupwe alikuwa mzito wa kuamka, ila aliamka. Aliolewa, akazaa, akazeeka. Na siku alipofumba macho akiwa ajuza ilikuwa kipupwe, wakamzika kama watu wanavyozikwa. Vuli ilipokuja kiinama cha mlangoni kikatoka tena. Hakikutoka peke yake, kilitoka na vitoto vimekizunguka, matunguu madogo yaliyozaliwa ubavuni mwake, na vyote vikachanua vimeinama, vyote vikautazama mlango. Kwa hiyo nyumba hii hatusemi Mkamburi alikufa. Hatujui la kusema.

Na tangu siku hiyo kiinama hulala kila mwaka, kikarudi na mvua. Tangu siku hiyo tunguu lake ni sumu; fuko hupita mbali nalo, na anayelichanganya na kitunguu cha mchuzi hutapika mpaka aone nyota. Huota kando ya nyumba kikainamisha kichwa na kutazama kule mama atakakotokea, na mwenye busara hakati majani yake yakiwa bado na rangi, hata yakimwaibisha kwa wageni. Ukitaka kugawana na jirani matunguu yake, ngoja majani yajilalie yenyewe, ndipo uchimbue, uyazike ncha juu, na wakati huo usizungumze. Kwa maana ardhi si kiziwi tena. Ilisikia jina moja ikalipenda.

Ndiyo sababu mlipoingia mkaniuliza mtoto anaitwa nani, nami nikawapa uji.

Jina analo. Lakini kitovu chake kimeanguka leo alfajiri, mama mkwe amekifunga katika jani, ametoka nacho mlango wa nyuma kuelekea kwenye mgomba, na hiyo mliyoisikia muda wote huu nikisema sema ni sauti ya jembe. Sasa imenyamaza. Nanyi nyamazeni kidogo nami. Akisharudi na kunawa mikono, nitawaambia.